Chupa utapata tu, ishu ni kifuniko: mambo ya kuzingatia kabla msimu wa maembe haujafika

Kila mwaka ikifika Novemba Desemba maembe yanamwagika Dar, bei inashuka, kila mtu anataka atengeneze jamu na achari na chatne, alafu ndo anakumbuka hana chupa, anakimbia Kariakoo na kununua ya kwanza anayoiona kwa bei ya kwanza anayotajiwa mana maembe nyumbani yanaiva na mengine yameshaanza kulainika. Wa nyanya nao hivyo hivyo, tenga likishuka bei kila mtu anasaka vifungashio wiki moja. Kwahiyo mambo ya chupa yamalizeni sasa hivi kabla tunda halijaingia ndani, na wala msianze na chupa, anzeni na kifuniko.

Naanza na kifuniko kwasababu chupa ya kioo ukiitunza itakaa na wewe miaka, unaijaza, unaila, unaiosha, unaijaza tena. Kifuniko cha bati ndo kinachoisha. Ule mpira wa ndani, ule mduara wa rangi nyeupe au kijivu unaokaa juu ya mdomo wa chupa, ukishafungwa kwa moto mara moja unabaki na alama ya mdomo ule, na mara ya pili unaweza ukashika au usishike, huna uhakika. Kwa kitu unachotaka kikae kabatini miezi, hiyo bahati nasibu haina maana. Kwahiyo bajeti yako ya kila msimu ni vifuniko, chupa ni mtaji wa mara moja.

Ila sio kila kitu kinahitaji kifuniko kipya, na hapa ndo watu wanapoteza hela bure. Asali, karanga ya kusaga, binzari, pilipili manga, choya kavu, hivi vyote weka kwenye chupa yoyote safi ya chakula na kifuniko cha zamani hakina shida. Achari yenye chumvi na siki ya kutosha au ile ya mafuta, unayoiweka kwenye friji na kuchota kidogo kidogo, nayo haihitaji kifuniko cha kunyonya hewa, yaani kile kinachozama na kubana chupa ikishapoa, na mi nakushauri kabisa uiwekee kifuniko cha plastiki mana chumvi na siki zinakula bati, ikipata mkwaruzo kidogo tu kwa ndani utakuta kutu imeshashuka kwenye achari yako. Wanaohitaji kifuniko kipya cha bati ni jamu, chatne, sosi ya nyanya, matunda ya kwenye sharubati, yaani vile unavyofunga vya moto na kuvichemsha ndani ya chupa ili vikae nje ya friji. Gawanya hivyo kwanza, andika chupa ngapi za kundi gani, utashangaa hesabu ya vifuniko inashuka.

Sasa saizi. Vifuniko vya kuzungusha robo, vile vyenye meno kwa ndani, vinaitwa kwa milimita, za kawaida ni 63, 70 na 82. Chupa nyingi za jamu na karanga tunazotupa majumbani zinaangukia humo humo. Tatizo ukienda dukani na rula tu unaweza ukadanganyika, we beba chupa yenyewe mkononi, funga kifuniko pale pale mbele ya muuzaji, kizungushe mpaka kikaze, alafu shika kifuniko unyanyue chupa. Kikiwa kinazunguka bila kukaza, au kimekaa upande, achana nacho hata kama ameandika namba ile ile. Angalia na meno, kuna vyenye manne na vyenye sita, havibadilishani. Na mtego mwingine ni 70: zile chupa za Kimarekani, za jina la Mason, Mmarekani aliyechukua hataza yake (haki ya ubunifu) 1858, mdomo wa kawaida nao ni milimita 70 lakini nyuzi zake zinazunguka mfululizo, hazishikani na kifuniko cha meno. Ndugu wa Marekani akikuletea chupa hizo kwenye begi ni zawadi nzuri sana, ila kifuniko chake ni vipande viwili, kisahani na pete, kwahiyo muombe alete na visahani vya akiba vingi, vile ni vya kutumia mara moja, pete ndo unairudia. Bila hivyo msimu wa pili una mapambo ya kabatini.

Ushauri wangu chagua saizi moja tu. Moja. Chagua ile ambayo duka la vifungashio la karibu yako lina vifuniko vyake mwaka mzima, alafu kusanya chupa za saizi hiyo peke yake, nyingine hata ukipewa bure zipeleke kwenye kundi la binzari.

Chupa zenyewe sasa. Mpya zipo kwenye maduka ya vifungashio, na walio mikoani waulize ofisi za SIDO za mkoa, lile shirika la viwanda vidogo liko tangu 1973 na wanafundisha usindikaji, kwahiyo hata kama wao hawana chupa wanawajua wanaozileta. Kuukuu zipo kwa majirani, mahotelini, kwenye migahawa inayofungua jamu na mayonezi kila siku, na kwa vijana wanaokusanya chupa tupu. Muwahi huyo kijana kabla hajazimwaga kwenye gunia, akishazimwaga zinagongana na nusu zinameguka mdomo.

Kukagua chupa kuukuu usione aibu, chukua muda wako. Pitisha ncha ya kidole taratibu mdomoni kote, kucha ikikwama mahali hata padogo kama chembe ya sukari hiyo chupa haitafunga, hewa itapita hapo. Washa tochi ya simu uiweke ndani, ufa wa kitako unaonekana kama unywele unaong'aa. Nusa. Kama ilikuwa na vitu vya siki harufu ya kwenye kioo itatoka kwa maji ya moto na sabuni ila ya kwenye kifuniko haitoki, hata uianike juani wiki. Na kama hujui ilikuwa na nini, au inanukia rangi, dawa, mafuta ya taa, iache hapo hapo, usiseme nitaichemsha sana.

Twende kwenye hesabu, bei naziweka za mfano tu ili muone njia. Chukulia chupa mpya na kifuniko chake ni 1,800, kifuniko peke yake 500, chupa kuukuu 300. Ukinunua kuukuu 20 na nne zikakataliwa kwenye ukaguzi nyumbani, basi zile 16 hazijakugharimu 300, zimekugharimu 375, weka na kifuniko kipya unapata 875. Bado uko chini ya nusu ya mpya, na msimu ujao unalipa 500 tu. Lakini kama muuzaji wako anakuchanganyia saizi na nusu ya mzigo unaishia kuwekea chumvi, hiyo bei rahisi ishakufa. Vifuniko vinauzwa kwa boksi na boksi ni kubwa kwa mtu mmoja, kwahiyo ongea na wenzio wa kikoba au wa mtaani mchangishane, ndo mana nasema mkubaliane saizi moja. Anayeagiza kutoka Dar kwenda mkoani kwa basi azifunge chupa moja moja kwa gazeti, zisimame wima, boksi lisiwe na nafasi ya kucheza, na aweke za kuvunjika kwenye hesabu mapema maana hata ukiandika KIOO kwa maandishi makubwa, pale kwenye buti kuna mtu ana magunia ya viazi na yeye anataka nafasi.

Kitu ambacho watu hawapimi kabisa ni sufuria. Chupa zikichemshwa zinatakiwa zisimame juu ya kitambaa au kichanja, zisiguse kitako cha sufuria, na maji yafunike vifuniko kama sentimita mbili na nusu, juu yake ubaki na nafasi ya maji kutokota. Chupa ya urefu wa sentimita 15 inataka sufuria ya kina cha 22 hivi au zaidi. Pima sufuria yako ndo uchague urefu wa chupa, usije ukanunua machupa marefu mazuri alafu ukaanza kuazima sufuria la msibani.

Ukubwa nao. Chupa kubwa inapunguza idadi ya vifuniko, kweli, lakini nyumba isiyo na friji ikifungua lita nzima ya sosi ya nyanya lazima iliwe haraka au inamwagwa. Kwa nyumba hiyo chupa ndogo za mililita 250 mpaka 350 ndo rahisi mwisho wa siku japo zinakula vifuniko zaidi.

Plastiki za maji na soda msijaribu na kitu cha moto, zinajikunja. Chupa za kioo za kahawa, zile za kifuniko cha plastiki chenye karatasi ndani, ni nzuri kwa binzari, kunyonya hewa haziwezi.

Na kabla hujahesabu chupa za maharage, nyama, supu au mboga za majani, zifute. Hivyo havina asidi ya kutosha, na bakteria wa sumu ya botulinum anaishi vizuri kwenye chakula chenye pH zaidi ya 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) kilichofungwa bila hewa, kuchemsha kwa maji ya kawaida hakumuui, vinataka mtambo maalum wa presha unaofika kama nyuzi 116 mpaka 121, na presha kuka ya kupikia maharage sio mtambo huo. Nyanya ziko mpakani, kila nusu lita weka kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limao ya dukani, yale ya chupa, mana asidi yake haibadilikibadiliki. Walio juu kama Arusha, Mbeya, Njombe waongeze dakika za kuchemsha, maji huko yanatokota kabla hayajafika nyuzi 100, Arusha ni kama 95 hivi.

Wanaotaka kuuza dukani hiyo ni mada nyingine, chupa za kuokoteza sahauni, na usajili wa vyakula toka 2019 uko TBS, shirika la viwango, sio TFDA tena, ile iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa.

La mwisho, kabla hujabeba boksi zima nunua vifuniko vichache ufanye jaribio la maji. Jaza chupa maji ya moto ubakize nafasi kama sentimita moja juu, funga kwa nguvu ya vidole sio ya bega, chemsha dakika 10, toa uweke juu ya kitambaa mbali na upepo mpaka kesho yake. Asubuhi bonyeza katikati ya kifuniko: kikiwa kimezama na hakirudi, kimeshika, rudi dukani ukachukue boksi. Kikifanya tik tik chini ya kidole, jaribu kingine kwenye chupa ile ile, na hicho nacho kikigoma badilisha chupa, hapo ndo utajua kama tatizo ni mdomo au ni mzigo wa vifuniko, na kama ni vifuniko tafuta duka lingine wakati maembe bado yako mtini.