Namna ya Kuikagua Filamu ya Watoto Kabla Haijawakera

Filamu nyingi za watoto zinazoikera familia hutoa dalili mapema. Huhitaji kukaa dakika 100 ndipo ugundue kwamba kitabu walichokipenda watoto kimegeuzwa kitu kingine, au kwamba nakala iliyo kwenye flashi ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema. Robo saa ya kukagua siku moja kabla inatosha, na kwa kuwa sehemu kubwa ni kusoma, bando dogo halitakusumbua.

Linganisha kurasa na dakika

Kwa watu wa filamu, ukurasa mmoja wa mswada huhesabiwa kama dakika moja ya picha. Filamu ya dakika 110 basi ina mswada wa kurasa kama 110, tena wenye nafasi tupu nyingi. Riwaya ya kurasa 350 ikiingizwa humo, sehemu kubwa lazima ibaki nje. Kupunguza si kosa, hakuna namna nyingine. Kinachoharibu ni kutaka kugusa kila kitu, maana hapo wahusika hawapati muda wa kutenda, wanabaki kusimama na kuelezana habari. The Last Airbender ya 2010 ilibana msimu mzima wa katuni ya televisheni, vipindi 20, katika filamu isiyofika saa mbili, na ndivyo ilivyokuwa. Ukisoma kwamba filamu moja imebeba vitabu viwili, punguza matumaini papo hapo.

Kitabu cha picha kina tatizo la upande wa pili. The Cat in the Hat ya mwaka 1957 ina maneno tofauti 236 tu. Filamu ya 2003 ilipaswa kujaza zaidi ya saa nzima, na pengo likajazwa mizaha ya watu wazima. Mjane wa mwandishi, Dr. Seuss, hakupendezwa, na baada ya hapo akakataa vitabu vya mumewe kugeuzwa tena filamu za waigizaji halisi, zisizo katuni. Kwa hiyo kitabu kikiwa chembamba, tafuta kwanza filamu fupi au katuni ya vipindi vya dakika kumi kumi.

Nani anatatua shida?

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Watu hulalamika kwamba filamu "imebadilisha kitabu", lakini watoto husamehe mabadiliko mengi. Wasichosamehe ni kuona mtoto aliyekuwa akifanya mambo kitabuni sasa anaburutwa na watu wazima. Soma muhtasari wa filamu ukijiuliza: nani anaamua, nani anakosea, nani anarekebisha? Kama majibu yote ni mjomba, mwalimu au askari, jioni yenu itakuwa ndefu.

Angalia pia umri. Katika kitabu cha kwanza cha Percy Jackson, shujaa ana miaka 12. Filamu ya 2010 ilimfanya kijana wa sekondari, na mtoto wa darasa la sita akapoteza mwenzake. Mfululizo ulioanza Desemba 2023 ulimrudisha kwenye umri wake na kukipa kitabu kimoja vipindi 8. Huo ndio urefu unaoifaa riwaya ya aina ile.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani, Uganda. Queen of Katwe ya Mira Nair (2016), iliyotokana na kitabu cha Tim Crothers kuhusu Phiona Mutesi, msichana mcheza chesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, ina mwalimu mahiri na mama mwenye nguvu, lakini kwenye ubao wa chesi anayesogeza kete ni Phiona. Kocha hawezi kumchezea. Ndiyo maana watoto wanaoijua Katwe na wasioijua wote huifuata hadi mwisho.

Filamu iliyorudiwa

Hapa hatutachukua muda. Linganisha urefu wa ya kwanza na ya pili. The Lion King ya 1994 ina dakika 88. Ile ya 2019 ina dakika 118, na kisa ni kilekile. Nusu saa imeongezeka, ilhali nyuso za wanyama, kwa kufanywa zifanane na wanyama wa kweli, haziwezi kucheka wala kununa kama za katuni. Kwa mtoto wa miaka mitano chukua ya zamani.

Alama za umri na asilimia za wahakiki

Alama ya umri haikuambii kama filamu ni nzuri. Inakuambia kuna damu, matusi au hofu kiasi gani. Za Kimarekani utakazokutana nazo ni G kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, na PG-13 ambayo si ya mtoto wa shule ya msingi hata kama bango lina rangi za kuvutia. Za Kenya ni GE (kwa wote), PG, 16 na 18. Kwa Uganda, kazi ya kuainisha filamu iko kwa Baraza la Habari la nchi, ila nakala ya flashi haiji na alama yoyote, hivyo itafute mwenyewe kwa kuandika jina na mwaka. PG nayo isomwe kwa makini: Queen of Katwe ni PG, lakini ina mafuriko yanayoingia nyumbani na ajali ya barabarani. Mtoto aliyewahi kupitia hayo aambiwe kabla.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hakiki za filamu, huwapoteza wengi. 62% haina maana ya maksi 62 kwa 100. Maana yake wahakiki 62 katika kila 100 waliipenda kiasi cha kuipitisha, na mstari wa kupita ni 60%. Filamu ya kawaida kabisa isiyomuudhi mtu inaweza kupata 90%. Baada ya namba, soma hakiki mbili za waliochukizwa. Mmoja akisema "ni ya kitoto mno", pengine ndiyo unayoitafuta. Akisema "inachosha katikati", mwamini.

Nakala: hapa ndipo wengi huangukia

Kwanza hakikisha ni filamu yenyewe. Zipo katuni za bei rahisi zilizotengenezwa makusudi zifanane jina na maarufu. Ratatoing ya 2007, kwa mfano, ilitoka mwaka uleule na Ratatouille, katuni kubwa ya panya mpishi. Kwenye laibrari ya muvi, yaani duka linalokunakilia filamu kwenye flashi, usiseme "ile ya panda". Taja jina kamili, mwaka na kampuni. Fungua faili hapohapo kabla ya kulipa, uruke hadi dakika ya 40. Ukiona picha imepinda, ina giza, au vichwa vya watu vinapita, iliibwa ukumbini, na hakuna televisheni itakayoitengeneza. (Tena ni wizi. Filamu mpya ikiwa kwenye sinema za Kampala, mtoto mmoja akiiona vizuri anapata zaidi ya watano wakiona ukungu.)

Halafu swali la VJ, msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti yake juu ya ile ya asili. Kutafsiri filamu kwa Kiluganda huku ukiongeza vichekesho ni sanaa kamili, iliyokulia kwenye vibanda vya video ambako watazamaji wengi ni vijana na watu wazima. Kwenye filamu ya ngumi inanogesha. Kwenye hadithi ya watoto mambo mawili huharibika: sauti ya asili hushushwa, kwa hiyo nyimbo hupotea, na mzaha huenda ukawa wa kibandani hasa. Kwa nyumba inayozungumza Kiswahili, matoleo ya DJ Afro wa Kenya yana desturi hiyohiyo. Yote yapime kwa njia moja: sikiliza dakika tatu za mazungumzo ya utulivu, usisikilize za mapigano. Ukielewa mhusika anataka nini, ni toleo zuri.

Manukuu ya chini nayo yana kikomo. Mtoto chini ya miaka minane hayafikii kabla hayajafutika. The Boy Who Harnessed the Wind (2019) ina Kichewa kingi, hivyo mkubwa mmoja ajitolee kusoma kwa sauti, au isubiri mwaka mmoja miwili.

Upande wa kifaa: televisheni nyingi za zamani hukataa flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa NTFS. FAT32 husomwa karibu kote, ila haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ukisikia sauti bila picha, faili kwa kawaida limebanwa kwa H.265, njia mpya ya kubana picha, omba la H.264 ya zamani. Picha ikiwepo bila sauti, shaka ya kwanza iwe aina ya sauti iitwayo DTS. Omba yenye sauti ya AAC. Anayetumia Netflix kwenye simu aweke ubora wa kati, takriban GB 0.7 kwa saa. Ubora wa juu unaweza kufika GB 3. Pakua mapema penye Wi-Fi, maana filamu inayokwama kila baada ya dakika nne huonekana mbaya hata kama ni nzuri.

Jioni yenyewe

Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani linashauri saa moja ya skrini kwa siku isipitwe, kwa hiyo filamu ndefu igawanywe siku mbili, au waanze na vitu vifupi. A Kalabanda Ate My Homework (2017), katuni ya Uganda kuhusu zimwi wanalolijua watoto wa shule, ni fupi na ina ucheshi wa hapa. Raymond Malinga aliyeiongoza ndiye pia aliyetengeneza Herderboy katika mkusanyiko wa Kizazi Moto (2023), unaowafaa wakubwa kidogo. Kwa Kiswahili safi, Ubongo Kids na Akili and Me kutoka Tanzania zina nyimbo ambazo mtoto ataziimba wiki nzima, upende usipende.

Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba dakika ya 25 mtasimamisha na kupiga kura. Kufikia hapo filamu iliyotengenezwa vizuri imeshaonyesha mtoto anataka nini na kinachomzuia. Waulize hayo mawili. Wasipojua, zima bila kubembeleza. Usiwaulize "mnaipenda?", kwa sababu watajibu ndiyo ili wasipelekwe kulala. Na kama ilitokana na kitabu kilichopo nyumbani, kifungue pale filamu ilipokatishwa, umruhusu anayejua kusoma aendelee.