Somo: Kusoma mionzi kwenye tope la bahari, kwa mfano wa Sellafield

Watu wakisikia mionzi imeingia baharini, swali la kwanza huwa ni maji yana kiasi gani. Mimi huanza na tope. Somo hili linatumia Bahari ya Ayalandi, ambayo imepimwa kwa miongo mingi kwa ajili hiyo. Kiwanda cha Sellafield (zamani Windscale), pwani ya Cumbria kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kilianza mwaka 1952 kumwaga baharini kwa bomba majitaka yenye mionzi, yaliyotokana na kuchambua (kutenganisha kwa kemia) fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika. Kilele kilikuwa katikati ya miaka ya 1970. Uchambuzi wenyewe ulikoma 2022.

Hatua ya 1: Jua ni nini kilimwagwa.
Hapa ndipo wengi hukosea: vitu vyenye mionzi havisafiri vyote kwa namna moja. Sesiamu-137 huyeyuka vizuri kwenye maji ya chumvi, hivyo sehemu kubwa ilibebwa na mkondo, ikazunguka Scotland, ikaingia Bahari ya Kaskazini na kufika Aktiki. Plutoniamu hung'ang'ania chembe za tope, kwa hiyo nyingi ilituama karibu na bomba, kwenye ukanda wa matope nje ya Cumbria. Teknetiamu-99 nayo haina haja na tope la kawaida: ilifuata maji, lakini kambakoche na mwani wakaikusanya mwilini. Ilipoongezeka baada ya 1994, malalamiko yalitoka hadi Norwei, maana mkondo uliifikisha kwao. Bomba ni moja, ramani ni tatu. Mtu akikuambia tu "mionzi imesambaa", muulize ipi.

Hatua ya 2: Tafuta tope laini.
Chembe ndogo zina eneo kubwa la kushikia, mchanga hushika kidogo mno. Ukilinganisha mchanga wa ufuko mmoja na tope la mlango wa mto mwingine utapata tofauti isiyohusiana na uchafuzi wowote. Ndiyo maana watafiti huenda sana Ravenglass, mlango wa mito ulio kusini mwa kiwanda, ambako maji ya kujaa huacha tope kwenye nyasi za chumvi.

Hatua ya 3: Chukua tope kwa kina, si la juu tu.
Bomba la plastiki hushindiliwa wima wakati wa maji kupwa, hung'olewa na tope likiwa ndani, kisha tope hukatwa vipande vya sentimita moja au mbili. Mahali palipotulia, tabaka za miaka ya 1970 utazikuta chini, na mionzi mingi kuliko zilizo juu yake. Tarehe huthibitishwa kwa risasi-210, aina ya asili ya metali ya risasi yenye mionzi, ambayo nusumaisha yake (muda wa kupungua nusu) ni miaka 22 hivi. Ila baharini kwenyewe minyoo na kamba wachimbao huchanganya tabaka zote. Ukichora grafu ya mionzi kwa kina na ukakuta mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, usifurahi haraka kwamba umwagaji ulikuwa wa kiwango kimoja. Huenda ni kazi ya kamba.

Hatua ya 4: Kausha, chekecha, pima.
Sampuli kavu huwekwa kwenye kigunduzi cha jerimani (kifaa cha kupima miale ya gama) kilichozungushiwa metali ya risasi, nacho huchora grafu ya nishati ya miale hiyo, kwa kipimo cha keV. Sesiamu-137 huonekana kwenye keV 662, amerisiamu-241 kwenye keV 60. Potasiamu-40, ambayo ni ya asili, utaikuta kila mara kwenye keV 1461. Plutoniamu haina njia ya mkato: lazima itenganishwe kwa kemia kwanza, ndipo ipimwe kwa chembe za alfa. Jibu huandikwa kwa bekereli (idadi ya atomi zinazooza kila sekunde) kwa kilo ya tope kavu.

Hatua ya 5: Hesabu miaka.
Plutoniamu-241 hupungua nusu kila miaka 14, na ikioza huzaa amerisiamu-241, yenye nusumaisha ya miaka 432. Kwa hiyo amerisiamu ilizidi kuzaliwa ndani ya tope hata baada ya bomba kupunguziwa. Dhoruba na nyavu za kukokota nazo hutifua sakafu na kurudisha majini kilichotuama. Sehemu kubwa ya sesiamu na plutoniamu iliyomo kwenye maji ya huko leo imetoka kwenye tope la zamani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nikinunua kipima mionzi cha mkononi naweza kupima samaki sokoni?*
Hapana. Japani huruhusu bekereli 100 za sesiamu kwa kilo ya samaki. Kiasi hicho kitafichwa na mionzi ya kawaida ya ardhi na anga hapo ulipo. Kifaa kitakuambia "salama" hata pasipo salama.

*Na maji ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, waliyoanza kuyamwaga Agosti 2023?*
Rudi hatua ya 1. Hoja kuu hapo ni tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, ambayo ni sehemu ya maji yenyewe. Haikai kwenye tope, huenda yaendako maji. Maji hayo huzimuliwa hadi chini ya bekereli 1,500 kwa lita kabla ya kutolewa. Sesiamu iliyovuja kwenye ajali ya kituo hicho 2011 ni habari nyingine, hiyo sehemu yake imo kwenye tope la pwani ya Japani.

*Samaki akikaushwa mionzi hupungua?*
Sesiamu haivukizwi na jua. Maji yakitoka, kiasi kwa kilo hupanda.

*Shikamoo mwalimu. Huku kwetu kuna mchanga mweusi ufukweni, nasikia una mionzi. Tumechafuliwa?*
Marahaba. Mchanga wa namna hiyo unaweza kuwa na mionzi bila mtu kumwaga chochote. Madini mazito kama monaziti yana thoriamu. Fuko za Kerala, India, zinajulikana kwa hilo, na kilima cha Mrima kule Kwale kina thoriamu ya asili pia. Peleka sampuli maabara na uombe grafu nzima, usikubali namba moja ya jumla. Ikiwa na mistari ya ukoo wa thoriamu (thoriamu na vizao vyake), ule wa keV 2615 ukiwemo, na pale kwenye 662 pasiwe na kitu, mchanga wenu ni wa asili.