Jinsi ya kufika kwenye uongozi wa usafiri wa anga ukipitia serikalini na kampuni binafsi

Kama unataka siku moja uwe bosi kwenye usafiri wa anga, usianze kwa kuuliza mshahara mkubwa uko wapi, serikalini au kwenye makampuni, anza na fani moja ambayo hakuna mtu atakudanganya. Urubani, ufundi wa ndege, uongozaji ndege, sheria, yoyote ile ila uijue mpaka ndani. Kule juu utasaini vitu vinavyobeba roho za watu na wataalamu watakuletea ripoti nene, sasa kama hakuna hata eneo moja unaloweza kuuliza swali la pili na la tatu utaishia kusaini tu.

Muangalie Steve Dickson. Alikuwa rubani, akasimamia shughuli za urukaji pale shirika la ndege la Delta, alafu Agosti 2019 akaenda kuongoza FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kipindi ambacho Boeing 737 MAX zimefungiwa kuruka baada ya ajali mbili, ya Oktoba 2018 na ya Machi 2019, zilizoua watu 346. Tarehe 30 Septemba 2020 akakaa kwenye usukani akairusha mwenyewe, na ruhusa ya kurudi angani akaisaini Novemba. Hiyo ndo faida ya fani.

Ukiwa serikalini usikubali kukaa kwenye sera tu. Omba kitengo cha ukaguzi, omba vyeti vya uendeshaji wa mashirika, ukipata nafasi kwenye uchunguzi wa ajali ichukue hata kama cheo hakipandi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, una viambatisho 19, hicho cha 19 cha usimamizi wa usalama kisome mpaka ukielewe, na kila kanuni unayoisimamia tafuta ilizaliwa na tukio gani, kwasababu ukija kuhamia kampuni utakuta watu wanaiona ni karatasi ya kuwachelewesha na we ndo utakuwa wa kuwaeleza kwanini ipo.

Kampuni nayo inafundisha kitu ambacho serikalini hukioni vizuri, yaani pesa. Ndege ikilala chini bado inalipiwa kila mwezi. Najeeb Halaby aliongoza FAA kuanzia 1961 hadi 1965, akahamia shirika la ndege la Pan Am na mwisho akawa mkuu wake, ila hasara ilizidi na 1972 akaondoka. Kujua kanuni hakuleti faida peke yake, kwahiyo usirukie kiti cha juu moja kwa moja, kubali kwanza kusimamia kitu chenye bajeti na wateja. Marion Blakey aliongoza FAA 2002 mpaka 2007, akaenda kwenye chama cha watengenezaji wa ndege na vyombo vya anga, na 2015 ndo akachukua Rolls-Royce ya Amerika Kaskazini, wale wa injini za ndege. Naona njia hiyo ni nzuri, ina hatua katikati.

Sasa kuvuka kwenyewe kutoka serikalini kwenda kampuni, hapa ndo wengi wanaharibu jina. Siku kampuni unayoikagua inakugusia kazi, hata kwa utani kwenye chai, mwandikie bosi wako siku hiyohiyo na ujitoe kwenye faili zote za kampuni hiyo. Usisubiri ofa rasmi. Sheria ya Marekani inakukataza maisha kurudi kuitetea kampuni serikalini kwenye shauri ulilolishughulikia mwenyewe, miaka 2 kwa yale yaliyokuwa chini ya mamlaka yako mwaka wa mwisho, na mkaguzi wa FAA aliyekuwa akisimamia shirika fulani hawezi kuliwakilisha mbele ya FAA mpaka miaka 2 ipite. Kwenu sheria inaweza kuwa tofauti, isome kabla ya kujibu ofa, na kama ipo kimya andika mipaka yako mwenyewe na uiweke ndani ya mkataba wa kazi. Kampuni ikikataa mipaka hiyo ujue inanunua namba zako za simu, haikuhitaji we, iache.

Ukiitwa tena serikalini mambo ni yaleyale ila yamegeuka. Hisa uza kabla hujaapa, mshahara utashuka kwahiyo madeni yapange mapema, mashauri ya mwajiri wako wa zamani mpe naibu, na kwenye fomu ya maslahi itaje hata pensheni ndogo ya kampuni unayoisubiri.