Orodha ya Mwezi kwa Wadadisi: Namna ya Kuiandaa Ukiwa Moshi au Arusha

Orodha nzuri ya mwezi, yaani karatasi ya kila mwezi ya mapendekezo ya mahali pa kwenda, cha kusoma, cha kula au cha kujaribu, haina vitu vingi. Ina vitu sita au saba ambavyo mtu akivisoma Ijumaa jioni anaweza kufanya kimojawapo Jumamosi bila kukupigia simu kuuliza njia, bei wala muda. Mapendekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu hukwama hapo hapo: "Nendeni maporomoko ya Materuni, pazuri sana." Pazuri kwa nani, kwa nauli gani, na mvua ikinyesha je?

Kazi inaanzia kwenye daftari dogo la mfukoni. Kila kitu kinachokuvutia ndani ya mwezi, iwe ni mahali, makala, kipindi cha redio, chakula au jaribio la kufanya nyumbani, kiandikie siku ile ile mistari mitano: ni nini, kinapatikana wapi, kimegharimu kiasi gani, kimechukua muda gani, na kasoro yake ni ipi. Mstari wa tano ndio watu huuruka, na ndio utakaoutafuta zaidi siku ya kuandika. Usipoandika papo hapo kwamba njia ya mwisho ni ya miguu na inateleza, wiki tatu baadaye utakumbuka maporomoko tu.

Kisichojaribiwa na wewe mwenyewe hakiingii. Kitabu ulichoishia katikati kisubiri mwezi ujao, na chakula ulichosimuliwa nenda kakile kwanza. Sharti hili pekee litapunguza daftari lako nusu, jambo ambalo ni jema.

Ukifika tarehe 20, acha kukusanya. Kwa kawaida mkononi kutakuwa na vitu kumi na tano hadi ishirini, na hapo ndipo pa kuchinja. Kwa kila kimoja jiulize: kwa nini mwezi huu? Kanda ya Kaskazini ina kalenda yake, na orodha isiyoifuata huwapotezea watu nauli. Januari na Februari Mlima Kilimanjaro huonekana vizuri, hasa alfajiri kabla mawingu hayajapanda. Juni na Julai unaweza kujificha siku nyingi mfululizo, kwa hiyo usimpeleke mtu Machame kuutazama. Machi hadi Mei ni masika: maporomoko yamejaa, lakini barabara za juu za Uru na Kibosho huwa tope, na bodaboda hupandisha bei. Februari ni mwezi wa Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, maana Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967 na mazungumzo ya wiki hiyo humwandaa msomaji. Mwishoni mwa Februari hiyo hiyo kuna mbio za Kilimanjaro Marathon, na siku yake usimpangie mtu safari ya daladala katikati ya mji wa Moshi. Nane Nane iko Themi, Arusha, na inafaa hata kwa asiyelima.

Kwa miezi ya mvua weka jaribio la jikoni. Kupima joto la maji yanayochemka linafaa sana, kwa kuwa hapa kwetu maji hayafiki nyuzi 100. Kila unapopanda mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka nyuzi 1 hivi: Moshi mjini ni kama 97, Arusha, iliyo kwenye mita 1,400, ni kama 95, na ndiyo sababu maharage ya huko juu hula mkaa zaidi. Ukilipendekeza, taja makosa mawili yanayoliharibu. La kwanza ni kutumia kipimajoto cha homa, ambacho mwisho wake ni nyuzi 42 na kitapasuka. La pili ni kuacha ncha ya kipimajoto iguse kitako cha sufuria, ambacho ni cha moto kuliko maji yenyewe.

Sasa kuandika. Kila kitu kipewe maneno 60 hadi 80, yasizidi 100 hata kama unakipenda namna gani. Huu ni mfano wa toleo la Oktoba:

"Kivuli kinachotoweka. Tarehe 1 Oktoba, au siku moja kabla au baada, jua la mchana hupita juu kabisa ya Moshi na Arusha. Simamisha fimbo iliyonyooka ya mita 1 kwenye sakafu tambarare, uihakiki kwa timazi (uzi wenye uzito). Anza kutazama saa 6:10 mchana. Kivuli kitafupika hadi karibu kwisha saa 6:20 hivi Moshi, na dakika tatu baadaye Arusha. Gharama: hakuna. Muda: dakika 20. Kasoro: wingu moja likipita wakati huo, umekosa mpaka kesho. Tazama sakafu, usilitazame jua."

Angalia kilichomo. Saa imetajwa kwa dakika kwa sababu mtu akitoka nje saa sita kamili, kama wengi wanavyodhani ndipo jua linapokuwa utosini, atakuta kivuli na kukuita mwongo. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata nyuzi 45 za longitudo, nasi tuko karibu na 37. Kila nyuzi ni dakika 4, kwa hiyo jua linatuchelewa nusu saa. Ila mwanzoni mwa Oktoba huwa limetangulia dakika 10 hivi, ndiyo maana ya 6:20. Nafasi nyingine ni karibu na tarehe 12 Machi, ambapo jua huwa limechelewa dakika kama hizo na saa inasogea hadi 6:40.

Timazi nayo haimo kwa mapambo. Fimbo ikiinama nyuzi 1 tu, kivuli cha fimbo ya mita moja kinaongezeka sentimita 1.7. Ukichelewa dakika 4, ni sentimita 1.7 vilevile. Ukikosea siku nzima, ni milimita 7. Kwa hiyo mkazo uwe kwenye saa na wima wa fimbo, tarehe ina uvumilivu. Hizi hesabu zote haziendi kwenye orodha, lakini wewe uwe nazo, maana zinakuonyesha ni neno gani lisikatwe maneno yanapozidi. Asiye na timazi ya fundi afunge nati kwenye uzi, inatosha.

Kwa mahali, mistari isiyokwepeka ni minne: kituo cha kushukia, siku na saa za kufunguliwa, kiingilio, na nani hapamfai. Kiingilio cha raia na cha mgeni hutofautiana, basi mkumbushe msomaji abebe kitambulisho. Mahali pengi pa serikali hulipiwa kwa kumbukumbu namba (control number), na mwenye noti mkononi anaweza kusumbuka. Soko la Tengeru hushamiri Jumatano na Jumamosi. Kumpeleka mtu pale Jumatatu ni kumdhulumu. Na kama unaandikia watu wa Moshi kitu kilicho Arusha, kiite safari ya siku nzima. Ni kilomita 80 tu, lakini kwa basi lenye vituo na vibao vya kilomita 50 kwa saa, weka saa mbili kwenda na mbili kurudi.

Tarehe 21 hadi 25 ni za kuhakiki. Piga simu au pita mwenyewe kuthibitisha bei na saa. Kisha chunguza hadithi, hasa zile tamu. Mfano ni ile ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Kaisari wa Ujerumani Mlima Kilimanjaro, eti ndiyo sababu mpaka na Kenya umepinda. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka mwaka 1886, na huyo mjukuu, Wilhelm wa Pili, alitawazwa 1888. Tarehe mbili tu zinatosha kuiangusha. Hadithi ya namna hiyo unaweza kuiweka, mradi useme ni hadithi.

Watakuja wa "niwekee na mimi": mwenye mgahawa, binamu anayeuza kahawa, rafiki anayepandisha watalii. Hakuna ubaya kumweka mtu wako kama kitu chake ni kizuri, ila andika waziwazi kwamba ni ndugu yako, au kwamba ulikula bure. Kibaya kiache tu bila kukitaja. Miji yetu ni midogo, na karatasi hii si ya kusutana.

Uchapaji usiutumie muda mwingi. Karatasi moja ya A4, herufi za ukubwa wa 11, pambizo za sentimita 1.5 kwa sababu mashine nyingi za kopi hukata ukingoni. Picha za rangi zikitolewa kopi nyeusi hugeuka doa, basi mahali pa picha chora ramani ndogo kwa kalamu. Unapotuma kwa WhatsApp, tuma PDF kama faili. Ukiipiga picha karatasi na kutuma picha, maandishi yanafifia. Isizidi MB 1, kuna wenye bando la siku.

Iachie kati ya tarehe 25 na 28, mishahara inapoingia, kabla pesa haijapata kazi nyingine. Juu kabisa, kabla ya kitu cha kwanza, weka mistari miwili ya masahihisho ya toleo lililopita: bei iliyopanda, kituo kilichohama, mlango uliokutwa umefungwa. Ukikosa cha kusahihisha miezi mitatu mfululizo, waulize wasomaji kama kuna aliyekwenda popote.