Namna ya Kutumia Filamu ya Inchi 4 kwa 5 katika Kazi ya Kulipwa

Kabla ya kumwahidi mteja kwamba utampigia picha kwa filamu ya vipande ya inchi 4 kwa 5, jiulize picha hizo zinakwenda wapi na zinahitajika lini. Bidhaa mia moja zinazopaswa kuonekana kwenye duka la mtandaoni kesho asubuhi hazina haja ya filamu, na kumshawishi mteja vinginevyo ni kumpotezea fedha zake. Hata hoja ya zamani, kwamba filamu kubwa hushika undani usioshikwa na kamera ya kidijitali, imepungua nguvu tangu Phase One ilipotoa kamera ya pikseli milioni 150 mwaka 2018. Filamu hii ina nafasi yake pale picha zinapokuwa chache, maandalizi yana muda wa kutosha, na mteja anathamini rangi zake pamoja na utulivu unaoletwa na kazi ya polepole: picha rasmi za watu, jengo jipya ambalo msanifu wake anataka kulitia kitabuni, au tangazo la mavazi lenye picha tatu au nne tu.

Mkikubaliana, andika makadirio ya gharama ukitenganisha bei ya filamu, kusafisha, skana na usafirishaji, wala usizifiche ndani ya malipo yako. Mimi huhesabu vipande vinne kwa kila picha: viwili hupigwa kwa mpangilio uleule, na viwili hubaki kuwa akiba. Kwa rangi, Portra 160 ya Kodak ndiyo salama zaidi, kwa kuwa negativu yake (filamu iliyosafishwa, yenye rangi zilizogeuzwa) huvumilia mwanga uliozidi kidogo. Filamu ya slaidi, inayotoa picha yenye rangi halisi moja kwa moja, kama Ektachrome E100 ni nzuri mno, lakini kosa la nusu hatua ya mwanga (hatua moja ni mwanga mara mbili au nusu yake) huonekana waziwazi, kwa hiyo itumie pale unapoudhibiti mwanga mwenyewe.

Siku ya kazi, anza na kamera ndogo ya kidijitali. Zamani mpiga picha alimwonyesha mteja picha ya majaribio ya Polaroid, inayojitokeza papo hapo, mpaka kampuni hiyo ilipotangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu za papo hapo. Kwenye kioo cha ukungu cha kamera kubwa inayotumia filamu hii, yaani kioo cha nyuma ambacho mpiga picha hutazamia, picha huonekana hafifu, miguu juu kichwa chini, na si haki kumtaka mteja aidhinishe jambo asiloweza kulisoma. Akikubali mpangilio kwenye skrini, iweke kamera ndogo kando.

Katika majengo ndipo kamera hii inapojilipa. Simamisha stendi imara, kisha tumia pima maji kuhakikisha kwamba ubao wa nyuma unaobeba filamu umesimama wima kabisa. Ukiona kilele cha jengo kimekatwa, usiinue kamera kuelekea juu, kwa maana kuta zitaonekana zikiegemeana. Pandisha fremu ya mbele inayobeba lenzi mpaka kilele kiingie. Programu za kompyuta hunyoosha kuta baadaye, ni kweli, lakini kwa kuvuta picha na kukata kingo zake, ilhali hapa jengo hunyooka kabla filamu haijaguswa na mwanga. Mpiga picha za majengo Julius Shulman alipoipiga nyumba ya Case Study 22 huko Los Angeles mwaka 1960, aliacha taa za jiji zijichore kwa dakika kadhaa, kisha akawamulika kwa balbu za flashi wanawake waliokaa sebuleni, yote kwenye kipande kimoja. Subira ya namna hiyo bado inanunuliwa.

Usisahau hesabu mbili. Ukisogea karibu na kitu kidogo, mvukuto unaounganisha lenzi na ubao wa filamu hurefuka na mwanga hupungua: lenzi ya milimita 150 iliyosogezwa hadi milimita 300 kutoka kwenye filamu huhitaji mwanga mara nne. Na muda wa kupiga ukiwa mrefu, filamu huchoka, yaani hushika mwanga kidogo kuliko kawaida. Kwa HP5 Plus ya Ilford, filamu ya nyeusi na nyeupe, kipima mwanga kikisema sekunde 10, piga kwa karibu sekunde 20.

Vipande viwili vilivyofanana usivipeleke maabara kwa pamoja. Niliwahi kupoteza kazi ya siku nzima kwa sababu mashine ya maabara moja ilikwama ikiwa na negativu zangu zote ndani, na tangu hapo hupeleka kimoja kwanza, nikakiangalia juu ya meza ya taa, ndipo nikapeleka cha pili, pengine nikiomba muda wa kukaa kwenye dawa ya kusafishia ubadilishwe kidogo. Skana ya nukta 2,000 kwa inchi hutoa faili la pikseli takriban milioni 80, na hiyo inatosha ukurasa wa jarida na zaidi.

Mteja mkabidhi faili lililosafishwa vumbi. Negativu yenyewe itunze kwenye bahasha isiyo na asidi, mahali pakavu, na mkataba useme wazi kwamba ni mali ya nani, kwa sababu mteja akirudi baada ya miaka mitano akitaka picha kubwa ya ukutani, hicho ndicho kipande mtakachokiskani upya.