Mbinu ya Alexander: anza na kitabu, ila usiishie hapo

Kama shingo na mgongo vinakuuma kwa kuinamia kompyuta au cherehani kutwa nzima na unataka kujifunza Mbinu ya Alexander, yaani njia ya kujifunza kuacha kujikaza mwili bila kujua unapokaa, unaposimama au unapoongea, ngoja nikueleze nilivyopita mimi, maana nilikaa na vitabu miezi minne nikajua nimeshaelewa kumbe nilikua najikakamaza tu zaidi ya mwanzo.

Ilipotoka hii kitu ni muhimu. F. M. Alexander alizaliwa Tasmania, Australia, 1869, kazi yake kughani mashairi jukwaani, sauti ikawa inamkauka. Akipumzika inarudi, akipanda jukwaani inapotea tena, so akasema basi kuna kitu nakifanya pale pale nikighani. Akajiwekea vioo. Akaona kila akianza anavuta kichwa nyuma, anabana koo, pumzi anaivuta kwa mdomo mpaka inasikika. Alafu sasa sikiliza hapa: alipojaribu kupeleka kichwa mbele alihisi kabisa kimeenda mbele, kioo kikamuonyesha bado kinarudi nyuma. Yaani hisia zake mwenyewe zilikua zinamdanganya, na zako zinakudanganya pia, ndo maana kitabu peke yake hakitoshi.

Stori hiyo kaiandika mwenyewe sura ya kwanza ya The Use of the Self, kitabu cha 1932. Soma hiyo sura, Kiingereza chake kigumu, sentensi ndefu mno, nenda nayo taratibu. Vitabu vyake vingine vitakusubiri.

Cha kuanza nacho nyumbani leo hii ni kulala chali. Tandika mkeka sakafuni, sio kitandani, godoro linazama. Chukua vitabu viwili vitatu vyembamba weka chini ya kisogo, visiguse shingo. Vikiwa vichache kidevu kinaangalia dari, vikizidi kidevu kinakaba koo, ongeza punguza mpaka ukae vizuri. Kunja magoti, nyayo zikanyage chini, viganja juu ya tumbo, macho wazi usije ukasinzia. Dakika 10 mpaka 20, kila siku. Na usifanye kitu! Unaiambia tu shingo iachie, mgongo urefuke na upanuke, ukianza kuusukuma urefuke umeshaharibu.

La pili ni kiti. Simama mbele ya kiti, jiambie "nakaa", afu usikae. Sikilizia nyuma ya shingo, utakuta imeshakaza kabla hata goti halijakunjika. Kujizuia pale, kuacha ile haraka ya kukaa ipite kwanza, ndo moyo wa mbinu yote, mambo ya kukaa wima kama askari sahau kabisa.

Sasa masomo. Huku London nilipo somo langu la kwanza mwalimu aliniwekea mkono mmoja kwenye shingo mwingine mgongoni, mwepesi kama mtu anashika yai, akaniongoza nikakaa na kusimama mara kumi hivi. Nikamwambia mwalimu naanguka kifudifudi. Akanigeuza kwenye kioo: nimesimama wima kabisa. Miezi minne ya kusoma haikunifundisha kile nilichokiona pale kwa sekunde tano.

Mwalimu muulize kasomea wapi na muda gani, mafunzo yao kwa kawaida ni miaka mitatu, saa kama 1600. Hela ikiwa ndogo usikate tamaa: utafiti wa Uingereza uliotoka 2008 kwa wagonjwa 579 wa mgongo ulikuta masomo 24 yanasaidia sana, ila masomo 6 pamoja na mazoezi, hasa kutembea, yalifika karibu robo tatu ya faida hiyo. Kwahiyo chukua sita na utembee. Ila kama maumivu yanashuka mguuni au unakufa ganzi, hospitali kwanza tafadhali.

Na ulipo kama hakuna mwalimu, simu yako ndo kioo. Iegemeze pembeni usawa wa kifua, jirekodi ukikaa na kusimama mara tano, afu rudia video taratibu ukiangalia sehemu moja tu, pale kisogo kinapokutana na shingo, kinarudi nyuma saa ngapi. Andika tarehe, rekodi tena baada ya wiki mbili.