Jinsi ya kuisoma Ujerumani ya kati ya vita mbili bila kuanza na Hitler

Wadau, ukitaka kuielewa Ujerumani ya 1918 mpaka 1933, Hitler muweke pembeni kwanza, maana ukianza naye utaona kama nchi nzima ilikuwa inamsubiri yeye na si kweli, uchaguzi wa 1928 chama chake kiliambulia asilimia 2.6 tu.

Anza na hela. Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilifika marki (hela ya Ujerumani) trilioni 4.2, watu wanalipwa kila siku na wanakimbilia dukani hapohapo kabla bei haijapanda tena. Sasa jiulize nani kaumia nani kapona: mzee aliyeweka akiba benki maisha yake yote kabaki na makaratasi, wakati wenye madeni wengi wao wameyamaliza kiulaini. Hasira ya hao wenye akiba iandike kwenye daftari, maana 1932 wasio na kazi walipozidi milioni 6 watu walikuwa wameshapigwa mara ya pili, na Julai mwaka huo kura za Nazi, yaani chama cha Hitler, zikafika asilimia 37.

Halafu nenda kwa wanawake. Januari 1919 wakapiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza, mjini wakajaa maofisini wanapiga taipu, nywele fupi, sketi fupi, jioni sinema. Picha hizo ni nzuri ila usizimeze zima zima, nyingi ni za Berlin, na sheria ya ndoa bado ilimpa mume neno la mwisho.

Ukishamaliza hapo chukua mtu mmoja umfuate mwaka kwa mwaka, na kwetu sisi mtu huyo ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, askari mtoto wa jeshi la Mjerumani. Alifika Berlin 1929 kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake, wakamkatalia, akawa weita Haus Vaterland, jumba la migahawa na burudani hapo Berlin, huku anafundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933 kaoa Mjerumani, 1935 kapoteza kazi ya uweita, 1941 kakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, 1944 kafia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Miaka yake ipange sambamba na ya nchi, utaona mlango unavyofungwa kwa mtu halisi. Ukimtafuta mtandaoni andika pia Mahjub bin Adam Mohamed, ndio jina lake la kuzaliwa.